Asilimia Kumi na Moja

Tepu ndogo, inaenea kiganjani.
Miaka arubaini na tisa imelala ndani ya kopo la biskuti
chini ya ngazi za shangazi Idalina, hapa Fall River,
pamoja na vifungo, rozari iliyokatika,
na stakabadhi za mshahara za kiwanda cha mashuka.
Ukungu umeota ukingoni, mweupe,
kama unga uliosahauliwa mezani.

Imenata. Ukiivuta inalia.
Basi nikaiweka katika kikaushio cha matufaha cha shemeji,
nyuzi hamsini na nne, usiku kucha,
nikiigeuza kila saa, mboni zikiniwasha,
kama mtu aliyeachiwa mkate wa jirani.
Nilimkausha babu Hermínio, Mungu anisamehe,
kwenye trei ileile ya matufaha.

Sauti yake sote tunaijua.
Nyembamba, ya haraka, haina koma.
Harusini wajomba humwigiza: wanabana pua,
wanamwaga maneno kama choroko kwenye sinia,
na watoto ambao hawakumwona kamwe
wanagaragara chini kwa kicheko.
Mwisho wa tepu ndio mtamu zaidi,
pale anapogeuka kifaranga kabisa.

Kwenye kompyuta nikaondoa mvumo.
Nikaondoa mikwaruzo, mmoja mmoja,
kama anayechambua mchele.
Kikohozi kimoja nikakiacha, maana kilikuwa chake.
Dakika ya sita, nyuma ya maneno: kengele.
Kengele ya kanisa la kijijini kwao, kisiwani São Jorge.
Lakini kengele gani hiyo
inayolia kama kijiko kwenye glasi?

Nikampigia binamu Gualter, aliyebaki kule.
Akaenda na mvua yake, akainua simu juu,
akairekodi kengele ya saa sita mchana,
akanitumia, pamoja na tusi kuhusu viatu vyake.

Ni ileile, haijabadilishwa tangu babu akiwa mtoto.
Ila iko chini, nzito, karibu toni nzima.

Betri.
Betri zilikuwa zinakata roho
ndani ya mashine aliyoazima kwa padri,
gurudumu likijikokota,
na uchovu ule, ukichezwa na mashine yenye afya,
hutoka mbio.
Hakuwa na haraka, masikini.

Nikapunguza kasi: asilimia kumi na moja mwanzoni,
kumi na tisa kule mwisho.
Akaja mtu nisiyemjua.
Mtu anayeweka neno chini, akalitazama,
ndipo akainama kuokota jingine.
Kifaranga kikasema, kwa sauti ya sakafuni:

"Ng'ombe nimemuuza.
Madirisha ya upande wa bahari nimeyapigilia mbao.
Msijisumbue kuja mwezi wa nane.
Mimi
sijambo."

Kati ya "mimi" na "sijambo" kuna sekunde nne.
Nimezipima.

Jumapili nikamsikilizisha shangazi.
Ana miaka themanini na mmoja, anamenya viazi kwa kisu kifupi,
ganda linatoka refu, halikatiki.
Alisikiliza mpaka kwenye ng'ombe.
Akanyoosha kidole chenye wanga, akabonyeza, kimya.
"Huyu simjui," akasema.
"Baba yangu alikuwa mcheshi."
Kisha, kwa kiazi, si kwangu:
"Nirudishie yule wa kwanza."

Nimemrudishia.
Nimehifadhi mafaili mawili.
Moja nimeliita *Baba*.
La pili nimeliita jina lake kamili na mwaka,
kama inavyoandikwa kwenye jiwe.

Gualter ameuliza kama kengele yake ilifaa kitu.
Nimemwambia ilifaa.
Wajomba sijawaambia lolote.
Mwezi wa sita kuna harusi.